Kabla hujawasha mashine ya ozoni nyumbani, piga hesabu hii

Msimu huu wa mvua swali ninaloulizwa zaidi si la AC kuvuja maji wala la gesi kuisha. Ni hili: "Fundi, ile mashine ya ozoni ya kuondoa harufu ni nzuri? Ninunue?" Wanaouliza ni wenye nyumba za kukodisha kwa siku, zile ambazo sasa kila mtu anaziita Airbnb, kuanzia Diani mpaka Watamu. Wengine ni wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambao wanajua kwamba gari likishuka bandarini likinuka sigara, bei nayo inashuka. Wengine ni watu wa kawaida tu, nyumba inanuka koga na wamechoka.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza AC na mafriji. Si daktari, na wala sijidai kuwa mkemia. Lakini kazi hii huniingiza katika vyumba vya watu vilivyofungwa, na siku hizi mara kwa mara nikifungua mlango hukutana na harufu moja kali, ya kukereketa, kama ile inayobaki hewani baada ya radi, au ya mashine ya fotokopi iliyofanya kazi mchana kutwa. Wengi huiita harufu ya usafi. Ni ozoni yenyewe, na ukishaisikia puani, jua umeshaivuta.

Ozoni ni nini? Oksijeni tunayopumua ni atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ni atomu tatu. Ile ya tatu haijatulia, inatafuta kitu cha kurukia. Ikikutana na kitu kinachotoa harufu, hukirukia na kukivunja, kikawa kitu kingine. Hapa wauzaji hawasemi uongo, ni kweli kabisa. Wanachonyamazia ni kwamba atomu ile haichagui. Haijui kwamba hii ni shombo ya samaki, hii ni lastiki ya shuka, na huu ni utando laini ulio ndani ya mapafu ya mtoto. Vyote kwake ni vitu vya kurukia.

Jina lake lilitolewa mwaka 1840 na Christian Friedrich Schönbein, mwanakemia aliyekuwa akifundisha Basel, Uswisi, akalichukua kutoka neno la Kigiriki la kutoa harufu. Sisi huku tungemuuliza kwanza: kunuka au kunukia? Maana ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wengi tumelisikia neno ozoni shuleni, tukafundishwa kwamba kuna tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Ni sawa. Lakini tabaka hilo liko huko juu, kilomita 15 hadi 35 hivi kutoka ardhini, mahali ambapo hakuna mtu anayepumua. Ozoni pia ina kazi zake halali huku chini. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni tangu mwaka 1906, na viwanda vingi vya maji ya chupa huitumia hadi leo. Huko hufungiwa ndani ya mabomba na matangi, na inayobaki huharibiwa kabla ya kutoka nje. Mashine tunayoizungumzia sisi inafanya kinyume: inaitengeneza ozoni halafu inaipulizia chumbani kwa feni.

Mashine zenyewe ni rahisi sana. Ndani kuna sahani ambazo umeme wenye volti nyingi hurukia, hewa ikapita katikati, oksijeni ikageuzwa ozoni. Basi. Tangazo litaiita "oksijeni hai", au "hewa safi ya mlimani", au litakuonyesha picha ya majani mabichi na maporomoko ya maji. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilishawaonya watu wake kuhusu maneno ya namna hiyo, yanayofanya ozoni ionekane kama oksijeni ya daraja la juu. Ozoni na oksijeni ni ndugu kwa jina tu. Moja hukuweka hai, nyingine ni sumu.

Haya, sasa hesabu. Chukua kalamu, maana hii ndiyo itakayokuamulia.

Mashine ndogo ya kubeba mkononi huandikwa kwenye matangazo kuwa inatoa miligramu 10,000 za ozoni kwa saa. Chukua chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, dari iko mita 2.7. Ujazo wake ni kama mita 43 za ujazo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri hewa tunayopumua isizidi mikrogramu 100 za ozoni katika kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, yaani miligramu 0.1. Ukiigeuza kwa kipimo kingine ni kama sehemu 0.05 katika kila sehemu milioni za hewa, na hiyohiyo 0.05 ndiyo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliyoweka kuwa kikomo cha ozoni inayoweza kutolewa na kifaa cha tiba ndani ya chumba wanamokaa watu.

Kwa hiyo chumba chetu kizima, ili kifike kwenye kikomo hicho, kinahitaji miligramu 4 na kidogo. Mashine inatoa 10,000 kwa saa, ambayo ni karibu miligramu 2.8 kila sekunde. Gawanya. Kikomo kinafikiwa kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili.

Endelea. Kuna kiwango cha sehemu 5 kwa milioni, ambacho taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inakihesabu kuwa hatari ya papo kwa papo kwa maisha au afya ya mtu. Kwa chumba chetu hicho ni miligramu 430 hivi. Mashine inafika hapo kwa dakika 2 na nusu.

Nakubali hii ni hesabu ya karatasi. Mashine nyingi hazitoi kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, na ozoni nyingine huliwa na kuta, mapazia na godoro kabla haijajaa chumbani. Haya, tupunguze mara kumi nzima. Inakuwa dakika 25. Na maelekezo ya mashine nyingi hizi yanakuambia uiache iwake nusu saa, saa nzima, au zaidi.

Hapo muuzaji mjanja atakuambia: basi iweke kwenye kiwango cha chini, ikae inawaka polepole siku nzima nanyi mko ndani. Hili nalo limeshachunguzwa. EPA ilipitia tafiti zilizokuwapo ikakuta kwamba ozoni ikiwa katika viwango visivyozidi vikomo vya afya, uwezo wake wa kuondoa uchafu wa hewa ya ndani ni mdogo sana. Kwa kemikali nyingi zinazopatikana majumbani, kazi hiyo ingechukua miezi au hata miaka. Na kuhusu vijidudu na kuvu, ili kuvizuia visiishi na kuota tena, ozoni ingebidi izidi vikomo hivyo mara 5 hadi 10. Hata ikizidishwa hivyo, kuvu iliyozama ndani ya vitu vyenye vinyweleo, kama ubao wa dari au godoro, inaweza isiguswe.

Ndiyo sababu sipendi kujibu kwamba "inategemea unavyoitumia". Ozoni isiyokudhuru haiondoi harufu, na ozoni inayoondoa harufu inakudhuru. Hakuna swichi ya katikati. Hakuna idara ya serikali kuu ya Marekani iliyoidhinisha mashine hizi zitumike ndani ya vyumba vyenye watu, na jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: sheria ilipitishwa 2006, na tangu 2010 visafisha hewa vya ndani vinavyouzwa huko lazima vipimwe na kuthibitishwa kwamba havipitishi ile 0.05. Bidhaa isiyouzika kwao haikosi kutafuta soko kwingine, na bandari yetu inapokea mizigo ya kila aina.

Ukiivuta inakufanya nini? Huanza na koo kukereketa, kikohozi, kifua kubana, na maumivu ukivuta pumzi ndefu. Mwenye pumu hupata shida mapema na kwa kiwango kidogo zaidi. Watoto wako hatarini kwa sababu wanavuta hewa nyingi zaidi ukilinganisha na uzito wao, na njia zao za hewa bado ni nyembamba. Ukivuta nyingi kwa mara moja, mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu ameshafika kwake, ameshaoga, anadhani ni mafua tu yanamjia. Pua nayo si ya kuaminika. Mwanzoni unaisikia ozoni vizuri sana, lakini ukikaa nayo kidogo pua inazoea, ukadhani imekwisha.

Mama mmoja aliniuliza kuhusu chumba cha mwanawe mwenye pumu. Chumba kina koga ukutani, mtoto anakohoa usiku, na kuna mtu amemwambia ozoni "itaua koga yote". Nilimwambia pale pale asithubutu. Koga inamsumbua mtoto, hilo ni kweli, lakini ozoni ingemsumbua zaidi, na ukuta ungebaki na maji yake vilevile. Koga hata ikifa, vumbi lake bado linaweza kumkereketa mtoto. Inatakiwa isuguliwe na itolewe, na maji yanayoilisha yazibwe. Kwake maji yalikuwa yakitoka kwenye bomba la AC la jirani wa juu, linalodondoka kwenye ukuta wake. Hiyo ni kazi ya bomba la shilingi mia chache.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu wengi hawalijui. Harufu "ikiondoka" kwa ozoni haijaondoka. Imegeuzwa. Swali ni imegeuzwa kuwa nini.

Sabuni nyingi za sakafu, dawa za choo na vipulizio vya hewa hunukia ndimu, machungwa au msonobari. Mafuta yanayotoa manukato hayo huvamiwa na ozoni kwa haraka sana, na katika mabaki yake kuna fomaldehaidi, ambayo IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pia hutokea chembe ndogo mno za uchafu zinazoelea hewani, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Sasa fikiria utaratibu wa nyumba nyingi za wageni: kwanza wanapiga deki kwa dawa ya ndimu, halafu wanawasha ozoni. Wamepika kemia chumbani bila kujua.

Moshi wa sigara ndio mbaya zaidi, na ndio harufu inayowasumbua wengi. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walionyesha mwaka 2010 kwamba ozoni ikikutana na nikotini na mabaki ya moshi wa sigara hutengeneza chembe hizohizo ndogo. Zulia nalo likipigwa ozoni hutoa kemikali mpya ambazo awali hazikuwemo, nyingine zikiwa na harufu yake mwenyewe. Utasikia mtu akisema "nyumba ina harufu ya ajabu tangu tulipoisafisha". Si ajabu.

Na kuna gesi ambazo ozoni haizigusi kabisa. Moja ni kaboni monoksidi, ile inayotoka kwenye jiko la makaa, jenereta au gari linalonguruma ndani ya gereji. Mtu akikuuzia mashine ya ozoni kama kinga ya moshi wa jiko, anakuuzia kifo kwa risiti.

Vitu vya nyumbani navyo havisalimiki. Kule Los Angeles, miaka ya mwanzo ya 1950, mwanasayansi Arie Haagen-Smit ndiye aliyebaini kwamba ule ukungu mchafu uliokuwa ukiwachoma watu macho ulikuwa na ozoni, na njia mojawapo ya kuipima ilikuwa kutazama vipande vya mpira vilivyokunjwa vinapasuka kwa kasi gani. Mpira wa asili ukivutwa na ozoni ikaupata, hufanya nyufa. Ndiyo sababu watengenezaji wa tairi huchanganya dawa maalum ndani yake. Lastiki za mashuka, rababendi, glavu, nguo za ndani zilizo kabatini, vyote hivyo havina dawa hiyo. Rangi za mapazia na za vitambaa hufifia. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba mashuka ya wageni hayamalizi mwaka, aiangalie hiyo mashine kwanza kabla ya kumlaumu dobi.

Sisi wa pwani tuna tatizo letu la ziada, na hili nalisema kama fundi. Mashine za umeme wa volti nyingi zinapenda hewa kavu. Viwandani hewa hukaushwa kwanza kabla ya kupitishwa. Unyevu wetu huku mara nyingi hupita asilimia 70. Hewa yenye maji ikipita kwenye sahani zile, ozoni inayotoka hupungua, na badala yake hutengenezwa gesi za naitrojeni na asidi ya naitriki kidogo kidogo. Asidi hiyo huila mashine kwa ndani, na sehemu yake hutoka nje pamoja na ozoni. Kwa hiyo mashine ileile iliyopimwa kwenye chumba kikavu ng'ambo, ikiwa Shimanzi au Lamu inafanya kazi nyingine.

La pili ni AC. Watu wengi, hata wenye hoteli, wanaamini kwamba AC huleta hewa mpya kutoka nje. Zile AC za kawaida za ukutani, zenye kipande kimoja ndani na kingine nje, hazifanyi hivyo. Kinachopita kati ya vipande viwili ni gesi ya kupozea ndani ya bomba la shaba. Hewa ya chumba ni ileile inazungushwa. Ukimaliza kuwasha ozoni ukafunga madirisha na kuwasha AC "ili hewa ibadilike", hujabadilisha kitu. Umeipoza ozoni.

Nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Mgeni anatoka saa nne asubuhi. Mwingine anaingia saa nane mchana. Katikati ni saa nne tu. Aliyetoka alivuta sigara chumbani ingawa amekatazwa, mwenye nyumba hataki maoni mabaya, basi anaagiza mashine iwashwe saa moja kisha nyumba itandikwe. Anayetandika ni nani? Ni msichana wa kazi, analipwa kwa siku, na akikataa kuingia kuna mwingine getini.

Ozoni hujivunja yenyewe, hilo ni kweli, lakini inahitaji muda. Tuseme imefika sehemu 5 kwa milioni na ndani ya nyumba iliyofungwa inapungua nusu kila nusu saa. Kutoka 5 inakuwa 2.5, halafu 1.25, halafu 0.6, na kuendelea. Mpaka ishuke chini ya 0.05 ni nusu saa saba: saa tatu na nusu. Ukijumlisha saa moja ya kuwasha mashine, mgeni ameshafika mlangoni na kitanda hakijaguswa. Kwa hiyo hesabu ya saa nne haiingii bila mtu kuivuta ozoni. Nimemkuta mmoja wao ngazini, katika jumba moja la ghorofa, leso imefunika pua, macho mekundu, anakohoa huku ameshika ndoo. Leso haizuii gesi. Wala barakoa ya hospitali haizuii. Inazuia matone na vumbi. Akaniambia, "Kaka, ukishazoea haichomi sana." Ni pua iliyozoea. Kifua hakijazoea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikutungwa kwa viwanda peke yake. Inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama na afya ya wanaofanya kazi hapo, na inampa mfanyakazi haki ya kutoa taarifa anapoona hatari kubwa na asilazimishwe kurudi kabla haijaondolewa. Najua, najua: haki hiyo kwenye karatasi na mlo wa jioni ni vitu viwili. Lakini mwenye nyumba anayesoma hapa ajue kwamba ugonjwa wa yule dada ni wake pia.

Kwenye magari mambo ni yale yale, ila nafasi ni ndogo zaidi. Ndani ya gari dogo kuna kama mita 3 za ujazo tu, kwa hiyo ozoni inajaa mara moja. Harufu ya sigara huwa imekaa ndani ya sponji ya viti na kitambaa cha dari. Ozoni hushughulika na ya juu juu, gari likanuka vizuri siku ya kuuzwa, halafu likilala juani wiki mbili harufu inafufuka. Mnunuzi mwenye akili alifunge gari madirisha yote, aliache juani saa moja, kisha afungue mlango na kunusa mwenyewe. Viti na dari vioshwe kwa sabuni, chujio ya hewa ya ndani ibadilishwe, koili ya AC ioshwe. Kazi ya siku moja, na haina ujanja.

Kwa nyumba, ushauri wangu ni kuanza na swali la "harufu inatoka wapi" kabla ya "itatokaje". Harufu ni taarifa. Gesi ya kupikia, kwa mfano, kwa asili karibu haina harufu. Ile unayoisikia imetiwa makusudi ili ukijua inavuja ukimbie. Nyumba iliyojaa ozoni na vipulizio inaweza kuificha taarifa hiyo.

Kisababishi ninachokikuta zaidi katika nyumba za wageni kitakuchekesha. Nyumba imekaa bila mtu wiki tatu, mwenye nyumba akifungua anakutana na uvundo, anadhani ni koga au panya aliyekufa. Chini ya kila sinki kuna mkunjo wa bomba unaobaki na maji, na lile tundu la maji la sakafuni bafuni lina maji yake pia. Kazi ya maji hayo ni kuzuia hewa ya shimo la choo isipande ndani. Nyumba ikikaa bila mtu na joto letu hili, maji yanakauka, na hewa ya shimo inaingia bila kubisha hodi. Dawa yake ni jagi la maji kwenye kila tundu, mara moja kwa wiki. Kuna mtu alikuwa karibu kununua mashine ya maelfu ya shilingi kwa tatizo la jagi la maji.

AC inayonuka soksi mbichi kila inapowashwa ina uchafu na kuvu kwenye koili na kwenye trei ya maji, au bomba lake la kumwagia maji limeziba. Ioshwe. Chujio zitolewe na kusuuzwa kila wiki mbili ukiwa karibu na barabara ya vumbi au bahari. Usiku wa mwisho kabla ya kufunga nyumba, iache iwake kwenye feni tupu bila kupoza kwa nusu saa ili koili ikauke.

Kuta ni habari ndefu zaidi. Nyumba zetu za zamani, Mji wa Kale na Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huacha unyevu utoke. Wakaja watu wakapiga plasta ya simiti juu yake, wakamalizia na rangi ya mafuta. Maji yanapanda kutoka ardhini kama zamani, lakini sasa hayana pa kutokea, yanabaki ukutani na chumvi yake, rangi inabambuka na koga inashamiri. Mashine yoyote ya hewa hapo inapoteza umeme wako. Rudisha chokaa, rekebisha paa na mifereji, fungua madirisha pande mbili ili upepo wa bahari upite. Koga iliyo juu ya vigae isuguliwe kwa sabuni na maji. Ukitumia jiki, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi ya klorini. Godoro au dari ya jipsamu iliyooza, itupe. Na wapenzi wa udi mnisamehe: udi unanukia, lakini nao ni moshi, usifukizwe katika chumba cha mwenye pumu.

Ukiona boksi la mashine limeandikwa nambari ya EPA, usidanganyike. Nambari hiyo inatambulisha kiwanda kilichoitengeneza. Haimaanishi kwamba EPA imeipitisha kuwa salama. Chunguza pia visafisha hewa vinavyotangazwa kuwa na "ayoni", na taa za urujuanimno, kwani baadhi yake hutoa ozoni pembeni bila kusema sana. Kisafisha hewa chenye chujio ya kweli, kisicho na mambo hayo, ni kitu kingine na sina ugomvi nacho.

Kuna kampuni zinazotumia ozoni nyingi kwenye nyumba iliyoungua au kupata mafuriko, baada ya kuondoa kila kilichooza. Wanatoa watu, paka, ndege na mimea, wanafunga nyumba, na hawaingii mpaka kipimo cha ozoni kionyeshe kuwa ni salama. Ukiwa tayari unayo mashine na hutaki kuitupa, fuata angalau hayo: nyumba tupu, saa ya kuzimia iwekwe ili mtu asiingie kuizima kwa mkono, muda wa nusu siku upite, kisha madirisha yote yafunguliwe kabla ya mtu kukaa ndani. Katika jumba la ghorofa angalia pia hewa inakwenda wapi, maana ozoni hupita chini ya mlango hadi kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Na karatasi ya onyo ibandikwe mlangoni, iandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, kwa kuwa anayeingia wa kwanza asubuhi ni mfanyakazi, si mwenye nyumba.